Jinsi ya kumkumbuka mama mkwe kwa sifa zake za kweli (tuachane na ile ya "alikuwa mcheshi na mpenda watu")

Nianze kwa kukiri kosa. Mama mkwe wangu alipofariki mi ndo nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake, mana kwenye ule ukoo wa Machame, kule Kilimanjaro, naonekana mtu wa maneno kwa sababu tu nimetoka Tanga, na watu wa Tanga mnajua tunavosemwa. Ilikuwa saa tano usiku, maturubai yameshafungwa, akina mama wanamenya ndizi nyuma ya jiko, shemeji yangu mkubwa akaja na karatasi ya fulskapu na peni akasema shemeji fanya haraka, mtu wa kuchapa anasubiri, ukurasa mmoja usizidi. Nikaandika. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto sita, ameacha wajukuu kumi na saba na vitukuu wawili, alafu mwishoni nikapachika ile sentensi ambayo kila mtu nchi hii ameshaisikia mpaka amechoka, marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu, mcha Mungu na mpenda watu.

Kesho yake ikasomwa, watu wakatikisa vichwa, ikapita. Na mi nimekaa pale na kanga yangu kichwani najiuliza huyu aliyesomwa ni nani? Mana mama hata mcheshi hakuwa! Mama alikuwa mkavu. Anaweza kukaa na wewe jikoni kuanzia maharage yanabandikwa mpaka yanaiva hajatoa neno, na ukimaliza kuongea mambo yako yote anakuuliza "umefunga kuku?" Nilimzika mtu niliyempenda kuliko nilivyotegemea kumpenda mama wa mtu mwingine, na nikamsomea wasifu wa jirani.

Kwa hiyo mwaka mzima uliofuata nimekuwa nikikusanya upya, taratibu, na njiani nimejifunza vitu ambavyo laiti ningevijua ile saa tano usiku. Naviandika hapa kwa mtu ambaye mkwe wake ametangulia, na zaidi kwa yule ambaye mkwe wake bado yupo na anamwonea aibu kumuuliza maswali.

Futa sifa kwanza

Chukua karatasi uandike sifa zote zinazokujia haraka haraka bila kujizuia, mkarimu, mvumilivu, mchapakazi, mwenye hekima, zote tu. Alafu kwenye kila moja jiulize: alifanya nini, ilikuwa lini, nani mwingine aliona. Ukikosa jibu, hilo neno lifute hata kama linauma, mana inawezekana umelisikia kwenye misiba ya watu ukalihamishia kwa mkwe wako. Mi nilianza na maneno kumi na moja nikabaki na mawili. Nililia, nikasema basi kumbe sikumjua kabisa huyu mama.

Ila nikakumbuka nazi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa tulipanda nyumbani Krismasi kama Wachaga wote wanavopanda, mabasi yamejaa mpaka mlangoni. Mi nimekulia Muheza, kwetu wali bila nazi ni chakula cha mgonjwa, kwa hiyo nikabeba nazi zangu na kibao cha mbuzi kabisa kwenye begi, nikasema nitawapikia wakwe wanijue. Nikapika. Mama akala vijiko viwili, akasogeza sahani, akasema asante mwanangu, akaenda kujipakulia kiburu kilichobaki jana. Jamani niliingia chumbani nikalia kimya kimya. Mume wangu ananiambia mama hajawahi kula nazi maisha yake yote usijali, we unadhani hiyo inasaidia?

Siku ya soko ilipofika mama akaondoka asubuhi na mkungu wake wa ndizi kichwani kushuka Kwa Sadala. Akarudi mchana. Akatoa kwenye kikapu nazi mbili, akaziweka mezani mbele yangu, akauliza, "Hizi zinavunjwaje?"

Basi. Hakuna hotuba ya kunikaribisha kwenye ukoo wala nini. Tukakaa chini nikamwonesha unagonga wapi, maji unakinga vipi, unakaaje kwenye mbuzi, na yeye anakuna kwa nguvu kama anachimba shimo la mgomba. Na msidhani alikuja kuipenda, hapana, mpaka anaingia kaburini hakuipenda nazi hata siku moja. Ila kila Desemba nikifika nakuta nazi stoo zinanisubiri.

Kwa hiyo kwenye karatasi yangu sikuandika "alikuwa na upendo". Niliandika hivi: alinunua nazi ambazo hakuzipenda, kila Desemba, miaka kumi na minne. Sasa ukisoma hiyo huhitaji mtu akuambie ni sifa gani, we mwenyewe unaijua, na hakuna mama mkwe mwingine wilaya nzima ya Hai ambaye unaweza kumsomea hiyo sentensi ikamkaa.

Uliza watu, ila uliza vizuri

Kosa la pili watu wanalofanya ni kwenda kwa ndugu na kuuliza "mama alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa mama alikuwa mtu wa watu. Ukiuliza swali la msibani utapewa jibu la msibani, ndo ilivyo. Uliza vitu ambavyo mtu hawezi kujibu bila kuona picha kichwani. Mi haya ndo yaliyonisaidia: mara ya mwisho alikugombeza kwa sababu gani? Alikuwa anakataa kula nini? Neno gani alikuwa analisema kila siku mpaka mnachoka? Akiwa na haraka alikuwa anatembeaje? Na lile la mwisho ambalo limenipa vitu vingi kuliko yote, kuna kitu aliwahi kukufanyia akakukataza usiseme?

Na usiulize umekaa kwenye kiti umemwelekezea mtu simu usoni kama mwandishi wa habari. Watu wanaongea mikono ikiwa na kazi. Nilipata mengi kwa wifi zangu tukiwa tunachambua maharage kuliko kile kikao tulichoitisha rasmi na soda zikanunuliwa, kile kikao tuliishia kubishania mpaka wa shamba.

Usiishie kwa watoto wake. Watoto wanamjua mama, hawamjui yule mwanamke. Nenda kwa aliyekuwa anamuuzia maziwa, kwa wenzake wa kikoba, mzee wa kanisa, kijana wa bodaboda aliyekuwa anampeleka kliniki ya presha, yule ambaye waligombana miaka mitano (huyu usimkose). Na wajukuu! Wajukuu ndo mashahidi wakubwa kwa sababu mtu mzima akiwa na mtoto mdogo anajiona yuko peke yake.

Mfano mwanangu. Wale mliozoea KKKT (makanisa ya Kilutheri) za vijijini mnajua baada ya ibada kuna mnada pale nje, mtu kaleta sadaka yake ya ndizi, mayai, kuku, maparachichi, vinanadiwa na hela inaingia kanisani. Kulikuwa na bibi mmoja mjane, hali yake siyo nzuri, anakuja na fungu dogo la magimbi, na unajua tena mnada ulivyo, likinyanyuliwa fungu kama lile watu wanaangalia pembeni. Sasa mwanangu akiwa na miaka tisa ananiambia siku moja tu bila kuulizwa, tunaosha vyombo, "bibi alikuwa ananipa mia tano nishindane naye." Nishindane naye kivipi? Kumbe mama alikuwa anamwambia mtoto anyooshe mkono aseme mia tano kwenye yale magimbi, alafu yeye anapanda elfu, mtoto anapanda tena, mpaka watu wanageuka kuangalia kuna nini na wengine wanaingia. Karibu kila Jumapili! Mi nilikuwa nakaa pale pale kwenye ule mnada likizo zote na nilikuwa nadhani mama anapenda sana magimbi.

Hii nimeiandika kwa sababu yule bibi naye ameshatangulia. Angekuwa hai nisingeisoma mbele ya watu, na we angalia hilo. Kuna jema la marehemu ambalo ukilitangaza unamvua nguo mtu aliye hai, hilo liandike kwa ajili ya watoto wako ubaki nalo ndani.

Miaka

Hapa nitakuwa mrefu kidogo kwa sababu ndo panapowashinda wengi. Mama zetu wengi wa umri ule tarehe hawana. Kitambulisho cha mama kilisema 1945 na ndo tuliyoandika kwenye msalaba, ila yeye mwenyewe alikuwa anasema alipata kipaimara mwaka unaofuata baada ya ule usiku Mwenge ulipowashwa juu ya kilele cha Kibo, na hilo tunalijua, ni usiku wa Uhuru, 9 Desemba 1961, aliyeupandisha ni Luteni Alexander Nyirenda. Kwa hiyo kipaimara ni 1962, na kipaimara kwa kawaida mtoto ana miaka kama kumi na minne kumi na mitano hivi, ukirudisha nyuma unapata 1947 au 1948. Sijabadilisha msalaba, ila kwenye daftari langu nimeandika yote mawili na sababu zake.

Ujanja ndo huo, usimuulize mtu "mwaka gani", muulize lilikuwa kabla au baada ya jambo gani kubwa. Muungano Aprili 1964. Azimio la Arusha Februari 1967. Vita vya Amini 1978 na 1979, hii ni nzuri sana kwa sababu kila mama anakumbuka alikuwa na mtoto gani mgongoni. Ile miaka ya foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa themanini. Kifo cha Sokoine 12 Aprili 1984. MV Bukoba Mei 1996, mvua za El Nino 1997 kuingia 98, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999. Ukiwa Kenya unazo zako, kifo cha Mzee Kenyatta Agosti 1978, lile jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982. Chora mstari kwenye karatasi, weka hayo matukio, alafu maisha ya mama yatundike katikati.

Faida yake utaiona baadae, mana ukishajua mwaka unaanza kuelewa kitendo kilikuwa na uzito gani. Ngoja nieleze kwa daftari.

Tafuta maandishi yake, hata kama hakuwa mtu wa kuandika

Kwenye sanduku lake, chini ya vitenge, tulikuta kaunta buku la maziwa. Limeanza 1990. Majina ya nyumba, chini yake vistari vya lita, mwisho wa mwezi pembeni ameandika "kalipa". Nikawa nafungua fungua tu. Alafu nikaanza kuona kuna sehemu hajaandika "kalipa", ameandika "basi". Basi tu. Nyumba moja ina "basi" miezi saba mfululizo.

Nikamuuliza wifi yangu mkubwa hii "basi" ndo nini, akacheka akasema ndo hivo, alikuwa akiona huyu hana anafunga deni, na hamwambii mtu kwamba amesamehewa, anaendelea tu kumpelekea maziwa asubuhi.

Sasa weka na mwaka. Mlimani pale hela ya kahawa kwa desturi ilikuwa ya baba, inapita ushirika, na ya mama ilikuwa ndizi na maziwa. Julai 1989 ule utaratibu wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka dunia nzima, na nyumba nyingi za Uchagani zikajikuta zinaendeshwa na ile hela ya mama iliyokuwa inaitwa ya chumvi. Mama alikuwa na ng'ombe wawili wa ndani, watoto sita, wawili wako sekondari wanadaiwa ada, na majani anayafuata tambarare anapanda nayo kichwani. Mtu huyo, mwaka huo, ndo anaandika "basi". Usingejua mwaka ungesema alikuwa mkarimu. Ukijua mwaka unakaa chini kidogo.

Kwa hiyo pekua kwa heshima na ndugu wakiwepo, usije ukazua kesi. Angalia kurasa za mbele za Biblia, wengi waliandika tarehe za kuzaliwa na za vifo pale. Kadi za kliniki za watoto, bahasha za ahadi za kanisa, risiti za ada, daftari la kikoba. Hata kanga zake, zipige picha kabla hazijagawiwa, usome yale maneno, mana mwanamke hanunui kanga kwa rangi tu, na zile alizozivaa mpaka zikapauka ndo alizokubaliana nazo.

Picha sitasema sana. Zipige kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, nyuma andika kwa penseli siyo peni, majina kuanzia kushoto. Ukisema utaandika kesho hutaandika, na bibi anayewajua wale watu watano wa mstari wa nyuma hatakusubiri.

Sauti (hapa nina kidonda)

Nilikuwa na voisi zake WhatsApp, zaidi ya thelathini. Nyingi hazina maana, "mwanangu mvua imenyesha, haya", sekunde kumi na mbili, nusu yake kuku wanalia. Nikabadilisha simu, fundi akaniambia kila kitu kimehamia, nikamwamini, ile ya zamani nikaiuza. Meseji zilikuja, voisi hazikuja. Zimebaki vile vimstari tu ukibonyeza hazichezi.

Usiwe kama mimi. Leo hii, kabla hujaendelea kusoma ukitaka, ingia kwenye chati ya mama mkwe, tumia ile sehemu ya kutoa chati nzima pamoja na media ujitumie kwenye imeili. Kama ni Android zile sauti zinakaa kwenye folda linaitwa WhatsApp Voice Notes, lichukue lote likopi kwenye kompyuta na kwenye flashi, sehemu mbili siyo moja. Zile unazozipenda zipe jina, mana zimehifadhiwa kwa namba namba tu na baada ya miaka miwili hutajua ipi ni ipi. Na usichague nzuri tu. Ile ya kuku na mvua ndo ninayoililia.

Na laini yake msiitupe haraka, pia msiiache tu kwenye droo, laini isipotumika muda mrefu inafungwa na namba anaweza kupewa mtu mwingine. Shemeji yangu alipiga ile namba siku moja kwa mazoea tu, akapokea kijana. Alikuwa mpole yule kijana, ila we fikiria.

Mikono yake kwenye chakula

Mtori wa mama sikuwahi kuupata na nimejaribu kama mara ishirini. Ukimuuliza kiasi gani anasema "mpaka itoshe". Kama mkwe wako yuko hai, usimuulize kipimo, weka bakuli kwenye mzani. Akichota chumvi kwa mkono mwambie mama weka kwanza hapa, pima, alafu mrudishie aendelee. Atakuona kichaa lakini atakubali, mara ya tatu atakuwa anasubiri mwenyewe uweke bakuli. Hesabu ndizi kabla hazijamenywa, andika ni mshare au ni nini, andika nyama ilitangulia dakika ngapi, na muhimu kuliko vyote angalia anafanya nini ambacho hasemi. Kama ameshaondoka basi mpate binti yake aliyekaa jikoni naye muda mrefu ufanye hivo hivo. Wifi yangu alipopika nikagundua siri yote ilikuwa kwenye kusubiri, mama alikuwa anaipua sufuria na kuiacha ikae kabla ya kuponda, na mi nilikuwa naponda ya moto na haraka zangu za mjini.

Kasoro zake ziandike

Wengi hapa watabisha, marehemu hasemwi vibaya. Sisemi umseme vibaya, nasema usimfanye malaika, mana malaika hana mkamwana. Mama alikuwa ananuna. Akinuna ananuna wiki, na kuomba msamaha kwa mdomo hajui. Nikiificha hiyo, hii inayofuata siwezi kuisimulia kabisa.

Mwaka wa pili nikasema nisaidie usafi, nikachukua panga nikafyeka uwanja pembeni ya kihamba (lile shamba la migomba la nyumbani), nikafyeka na masale. Mi najua ni maua pori tu. Wachaga wanaosoma hapa najua mmeshashika vichwa. Kwa wasiojua, sale ndo alama ya mpaka wa kihamba, na sale ndo jani unalompelekea mtu uliyemkosea kuomba msamaha, na akishapelekewa sale hawezi kukataa. Mi nimezifyeka zote mstari mzima, nimezipanga vizuri jalalani.

Mama aliangalia, akaingia ndani. Siku nne hakuna neno, hata la kuku. Mume wangu akanieleza, nikataka kufa kwa aibu. Asubuhi ya siku ya tano nikatoka mapema nikaokota yale masale jalalani, siyo jani moja, yote, nikafunga fungu kubwa kama mchicha wa kuuza, nikampelekea jikoni nikapiga magoti.

Akanitazama. Akatazama lile fungu. Alafu mama akacheka, mama huyu mkavu, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kigoda anajifuta macho na kitenge, anasema kwa hili itabidi nikusamehe mpaka ya wajukuu. Miaka yote ile ndo siku pekee niliyomwona anacheka hivo. Alafu tukatoka wote wawili tukapanda masale mapya, na mpaka leo ule mpaka umepinda kidogo kwa sababu nilikuwa nashika kamba vibaya, na alikataa kuunyoosha.

Sasa niambie, ningeandika "alikuwa mwenye kusamehe" ingekuwa na uzito gani?

Wakwe wa kiume na nyie

Najua kwa makabila mengi mwanaume na mama mkwe kuna umbali wa heshima, hamli pamoja, hamkai chumba kimoja, wengine hata njiani mnapishana kwa kukwepana. Basi usijilaumu kwamba huna kumbukumbu, we unazo za pembeni. Alikuletea nini kwa mkono wa mke wako? Salamu zake zilikuwa zinafikaje? Ulipokuwa umekwama hela nani alijua bila kuambiwa? Kaka yangu mwenyewe hakuwahi kuongea na mama mkwe wake zaidi ya salamu, ila anakumbuka kila akifika ukweni anakuta kiti chake kimetolewa kivulini na kimefutwa. Aandike hicho kiti.

Ukishakusanya

Usisubiri iwe kitabu. Mi nina daftari moja gumu, kila jambo ukurasa wake, juu nani kanihadithia na lini, chini naacha nafasi wazi ya mistari mitano sita. Hiyo nafasi ni lazima, mana watu wakisikia watasahihisha. Alafu nikiwa na nafasi nasoma kwa sauti nikijirekodi, kwa ajili ya wajukuu ambao hawatasoma mwandiko wangu.

Mwezi uliopita tulikuwa na ibada ya mwaka mmoja. Baada ya chakula shemeji mkubwa yule yule wa fulskapu akasema shemeji tusomee kidogo. Nikasoma maziwa na ile "basi", kukawa kimya, mzee mmoja akavua kofia akatoka nje na hakurudi mpaka nilipomaliza, sijauliza na sitauliza. Nikasoma masale wakacheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Nikamalizia na nazi mbili.

Wifi yangu mdogo akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Zilikuwa tatu," akasema. "Ya tatu alijaribu kuivunja mwenyewe nyuma ya zizi kwa panga kabla hajakuletea, ikaruka ikaingia kwenye mfongo, ule mfereji wa shambani, ikaenda na maji. Tukaikimbiza mimi na yeye mpaka kwa jirani. Akaniambia nikikwambia atanichapa."

Nikaomba peni.